Soriasisi si ukoma wala laana: Tuzibe pengo la safu

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola Mlezi wa viumbe wote, aliyemuumba mwanadamu na akakipa kila kiungo chake kipimo na kazi yake. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo, ndugu msomaji, mchana wa leo imamu atageuka kabla ya kuhirimia Swala ya Ijumaa na atawaamrisha maamuma wanyooshe safu na wazibe mapengo. Amri hiyo tumeizoea mno, kiasi kwamba wengi wetu huitikia kwa miguu tu. Lakini yapo mapengo ambayo hayazibwi. Yuko Muislamu ambaye viwiko vyake, magoti yake na kichwa chake vimeota mabaka mazito yenye magamba meupe. Kila anaposimama katika safu, jirani yake wa kulia husogea kidogo, na wa kushoto naye husogea kidogo. Hakuna anayemfukuza, wala hakuna anayemtolea neno baya. Hata hivyo mwenyewe huelewa. Ijumaa ifuatayo huswali nyuma peke yake karibu na viatu, na baada ya miezi michache huwa haonekani tena msikitini.

Aghlabu ugonjwa unaomfikisha mtu huyo katika hali hiyo ni ule unaoitwa soriasisi. Waarabu huuita sadafiyya, jina lililotokana na neno sadaf, yaani gamba la chaza, kwa vile magamba yake hung'aa mfano wa gamba hilo. Hapa kwetu wengi hawana jina maalumu la ugonjwa huu. Wapo wanaouita mba, wapo wanaouita fangasi, wapo wanaouchanganya na pumu ya ngozi, na wapo wenye ndimi kali wanaouita ukoma. Maulamaa wa usuli wametufundisha kuwa mtu hawezi kukihukumu kitu kabla ya kukifahamu. Hivyo basi, kabla ya kumsogea mwenzetu au kumkimbia, ni wajibu wetu kwanza tukijue kilichompata.

NGOZI HUKUA KWA KIPIMO

Mwenyezi Mungu (S.W.) anatueleza katika Suratul Qamar, aya ya 49, kuwa kila kitu amekiumba kwa kipimo. Na mwanzoni mwa Suratul A'laa tunafundishwa kuwa Yeye ndiye aliyeumba na akalinganisha, akakadiria na akaongoza. Mwenye kutaka kuuona mfano wa maneno hayo hana haja ya kusafiri mbali. Na autazame mkono wake.

Ngozi ya juu kabisa, ambayo wataalamu huiita epidermisi, katika sehemu kubwa ya mwili ina unene unaokaribia ule wa karatasi tu. Hata hivyo, ndani ya unene huo mdogo mna matabaka yaliyopangwa juu ya mengine. Tabaka la chini ndilo lenye seli changa zinazogawanyika na kuzaa seli mpya. Seli ikishazaliwa huanza safari ya kupanda juu, na kila inapopanda hubadilika, mfano wa mwanafunzi wa chuo anayeanza na alifu na kuendelea juzuu baada ya juzuu mpaka akahitimu.

Katika hatua za mwanzo seli hiyo hubadilisha aina ya keratini iliyomo ndani yake, ile protini ngumu inayounda pia nywele na kucha zetu, na hushikamana na wenzake kwa vifungo madhubuti. Ikifika karibu na juu hujaza chembechembe za protini, mojawapo ikiitwa filagrini, ambayo kazi yake ni kuzikusanya nyuzi za keratini na kuzifunga pamoja. Kisha hutoa mafuta maalumu ya kuziba nafasi zilizopo baina yake na jirani zake. Mwisho wa yote, seli huvunja kiini chake yenyewe, ikafa na kugeuka kuwa bamba jembamba lililo gumu. Mabamba hayo ndiyo matofali ya ukuta unaotukinga, na yale mafuta ndiyo udongo wa kujengea. Ukuta huo huzuia maji ya mwili yasipotee na vijidudu visiingie. Yakishatumika, mabamba hupukutika mojamoja bila ya sisi kuyaona, na mengine huchukua nafasi yake.

Safari yote hiyo, tangu seli kuzaliwa mpaka kupukutika, huchukua takriban wiki nne. Kila mwezi, kwa maneno mengine, Mola wetu hutuvisha ngozi mpya bila ya kututoza hata senti moja, nasi hatujui wala hatushukuru.

SELI ZINAPOKIMBIZWA

Kwa mgonjwa wa soriasisi, safari hiyo ya wiki nne hukimbizwa ikamalizika kwa muda wa siku tatu hadi tano. Seli huzaliwa kwa wingi uliopita kiasi, ngozi hunenepa mahali hapo, na kila seli husukumwa juu na zile zinazokuja nyuma yake kabla haijakamilisha hatua zake. Waswahili walisema haraka haraka haina baraka, na hapa maneno hayo yanaonekana kwa darubini.

Tabaka la chembechembe, lile linalopaswa kuandaa filagrini, hupungua au hutoweka kabisa. Protini zinazopaswa kutokea mwishoni mwa safari hutokea mapema, na nyingine zinazohitajika sana huwa chache. Mahali pa keratini za kawaida za ukomavu huchukuliwa na keratini ambazo mwili huzitumia wakati wa kuponya jeraha. Yaani ngozi inajijenga mbio mbio kana kwamba imekatwa, ilhali hakuna kilichoikata. Seli hufika juu zikiwa bado na viini vyake ndani, jambo ambalo katika ngozi iliyo sawa huwa halipo. Kwa kuwa hazikukomaa, haziwezi kuachana mojamoja, bali hubaki zimegandamana na kutoka kwa mafungu. Hayo ndiyo magamba tunayoyaona. Chini yake vimishipa vya damu hurefuka na kujipindapinda hadi karibu na juu, na ndiyo maana gamba likibanduliwa kwa nguvu hutoka vitone vidogo vya damu.

Katika ngozi nyeupe baka hilo huwa jekundu. Katika ngozi zetu nyeusi mara nyingi huonekana la zambarau au la kahawia iliyokoza, na magamba yake huwa na rangi ya kijivu. Likipona huweza kuacha alama nyeusi au nyeupe kwa muda. Tofauti hii ya rangi ni miongoni mwa sababu zinazofanya ugonjwa usitambuliwe upesi kwa watu wetu.

Ni nani basi anayezikimbiza seli hizo? Kwa muda mrefu madaktari walidhani kuwa kosa limo ndani ya seli za ngozi peke yake. Mwaka 1979 ikaripotiwa kuwa wagonjwa waliopewa saiklosporini, dawa inayotuliza kinga ya mwili, mabaka yao ya soriasisi yalitoweka. Tangu hapo macho ya watafiti yakaelekea kwenye kinga. Leo inafahamika kuwa baadhi ya askari wa kinga waliomo ndani ya ngozi hutoa kemikali ya kupeleka ujumbe iitwayo interlukini 23. Hiyo huwaamsha askari wengine, ambao nao hutoa interlukini 17 na interlukini 22. Ya 22 huzihimiza seli za ngozi ziongezeke na huzizuia zisikomae. Ya 17 huzifanya seli hizohizo zipige mbiu ya kuita askari zaidi. Askari wakija hutoa ujumbe zaidi, na mzunguko ukaendelea. Ni mfano wa walinzi wa mtaa waliosikia ukelele wa mwizi asiyekuwepo, wakaanza kuvunja milango ya wenyeji.

Mwelekeo wa ugonjwa huu hurithiwa kwa kiasi fulani, hivyo huonekana zaidi katika baadhi ya koo. Lakini si kila aliyerithi huugua. Mara nyingi huwa kuna jambo la kuuamsha: maambukizo ya koo, msongo wa mawazo, uvutaji wa sigara, ulevi, baadhi ya dawa, au jeraha la ngozi.

HAUAMBUKIZI

Ndugu msomaji, zingatia vyema yaliyotangulia. Katika maelezo yote hayo hamna mdudu, wala virusi, wala fangasi anayetoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine. Hivyo soriasisi haiambukizi. Huwezi kuipata kwa kumpa mgonjwa mkono, wala kwa kula naye sinia moja, wala kwa kutumia birika alilotawadhia, wala kwa kuvaa kanzu yake, wala kwa kulala naye kitanda kimoja, wala kwa kusujudu mahali aliposujudu.

Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio maalumu kuhusu ugonjwa huu mwaka 2014, na ndani yake mataifa wanachama yakatambua kuwa ni maradhi yasiyoambukiza na ya kudumu, yenye maumivu na yanayoharibu sura ya mtu. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2016 ilikadiria kuwa watu wasiopungua milioni 100 wanaishi nao ulimwenguni. Ripoti hiyohiyo ilitaja viwango vinavyotofautiana sana baina ya nchi, kuanzia asilimia 0.09 nchini Tanzania hadi asilimia 11.4 nchini Norway. Asije mtu akafurahi kwa uchache wetu. Ugonjwa usioonekana mara kwa mara ndio unaozushiwa mengi, na mgonjwa aliye peke yake katika mtaa mzima ndiye anayenyooshewa vidole.

Ama kuhusu ukoma, huo ni ugonjwa mwingine kabisa. Huletwa na bakteria aliyegunduliwa na daktari wa Norway, Armauer Hansen, mwaka 1873, na aghlabu mabaka yake hupoteza hisia, wakati mabaka ya soriasisi huwasha na kuuma. Huko Ulaya magonjwa haya mawili yalichanganywa kwa karne nyingi, na mwenye soriasisi akatengwa pamoja na wenye ukoma. Daktari Ferdinand Hebra wa Vienna ndiye aliyeyatenganisha kwa uwazi mwaka 1841. Isitoshe, hata ukoma wenyewe siku hizi unatibika kwa mchanganyiko wa dawa, na mgonjwa huacha kuambukiza muda mfupi baada ya kuanza matibabu. Basi ile Hadithi inayotahadharisha kumkaribia mwenye ukoma haina nafasi ya kutumiwa dhidi ya mtu ambaye hana ukoma wala hana cha kuambukiza. Na kazi ya kutofautisha baina ya ugonjwa huu na ule ni ya daktari. Haimuhusu jirani wa safu.

WALIOMUUDHI NABII MUSA

Wapo wanaosema kuwa mwenye ngozi ya namna hii ana dhambi aliyoificha, au amerogwa, au ana jini. Maneno haya ni mazito, na msemaji atayakuta katika kitabu chake.

Katika Suratul Ahzab, aya ya 69, Mwenyezi Mungu (S.W.) anawakataza waumini wasiwe kama wale waliomuudhi Nabii Musa (A.S.). Imepokewa katika Sahihi za Bukhari na Muslim kuwa Musa alikuwa mtu mwenye haya nyingi, akijisitiri sana anapooga. Baadhi ya Bani Israili wakaanza kunong'ona kuwa hajisitiri vile isipokuwa kwa sababu ya kasoro iliyomo katika ngozi yake au mwilini mwake. Mwenyezi Mungu akamtakasa na maneno yao. Tazama, ndugu yangu, maudhi yenyewe yalikuwa nini. Hawakumpiga wala hawakumnyang'anya mali. Waliizungumza ngozi yake, na Qur'ani ikalihesabu jambo hilo kuwa ni kumuudhi Mtume.

Kuna pia kisa cha Nabii Ayyub (A.S.). Qur'ani, katika Suratul Anbiyaa na Suratu Saad, inatueleza kuwa alipatwa na dhara, akamuomba Mola wake, akaamrishwa aupige mguu wake chini, yakatoka maji baridi ya kuogea na ya kunywa. Zile hadithi za mabuu na nyama zilizodondoka, ambazo baadhi ya wasimulizi huzinogesha, zimetokana na visa vya Kiisraili visivyo na sanadi ya kutegemewa, na wanavyuoni wengi wamezikataa. Kinachothibiti ni kwamba mja mwema kabisa anaweza kuugua kwa muda mrefu, na maradhi yake yasiwe dalili ya ghadhabu ya Mola wake. Halikadhalika Uways al-Qarani, ambaye habari zake zimo katika Sahihi Muslim, aliwahi kuwa na barasi ikabaki kiasi cha dirhamu moja tu, na pamoja na hayo Umar (R.A.) alielekezwa na Mtume (S.A.W.) amuombe Uways amtakie maghufira. Kama ngozi ingekuwa kipimo cha uchamungu, mambo yangekuwa kinyume.

HUKUMU ZA IBADA

Maswali ambayo wagonjwa huyauliza kwa sauti ya chini baada ya darsa ni mengi. Nitayataja yale ya muhimu kwa mujibu wa madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo yanayofuatwa na wengi wa Waislamu wa pwani yetu.

Kwanza, magamba ni tohara. Sehemu inayotengana na kiumbe hai huchukua hukumu ya maiti ya kiumbe huyo, na maiti ya mwanadamu ni tohara. Kwa hiyo gamba likianguka juu ya mkeka wa msikiti halinajisi mkeka wala halibatilishi swala ya mtu. Kuliokota au kulifagia ni adabu ya usafi tu, kama tunavyouondoa unywele.

Pili, gamba ambalo bado limeshikamana na mwili ni sehemu ya ngozi. Maji yakipita juu yake udhu umetimia, wala mgonjwa halazimiki kulibandua. Likibanduka lenyewe baada ya udhu, udhu haubatiliki na mahali pale hapaoshwi upya. Kusugua viungo si sharti katika madhehebu yetu. Basi mgonjwa asijisugue kwa nguvu, kwani kuikwaruza ngozi huweza kuzalisha mabaka mapya. Maji yaliyo vuguvugu ni bora kwake kuliko ya moto sana, na akijipaka mafuta baada ya kutawadha atakuwa ameilinda ngozi yake.

Tatu, mafuta ya dawa. Ikiwa kilichobaki juu ya kiungo ni unyevu wa mafuta tu ambao maji huupitia, udhu ni sahihi hata kama maji yanateleza. Ikiwa ni tabaka nene linalozuia maji yasifike, na hana dharura ya kulibakisha, alioshe kwanza. Na yule aliyekatazwa na tabibu mwaminifu asitie maji mahali fulani, aoshe palipo salama na atayamamu kwa ajili ya pale alipokatazwa.

Nne, vitone vya damu vinavyotoka kwenye mabaka havitengui udhu katika madhehebu yetu, na kiasi kidogo cha damu ya mtu mwenyewe kinachogusa nguo yake kimesamehewa.

Tano, funga. Baraza la Fiq-hi ya Kiislamu la Kimataifa, katika kikao chake cha Jeddah cha mwaka 1997, liliamua kuwa mafuta na marhamu zinazopakwa juu ya ngozi hazibatilishi saumu, na vivyo hivyo sindano za dawa zisizo za kulisha mwili. Mgonjwa asiache dawa yake Ramadhani nzima kwa dhana tu.

Sita, Hija na Umra. Aliyehirimia anaruhusiwa kujipaka dawa isiyo na manukato. Akilazimika kufanya lililokatazwa, kama vile kufunika kichwa kwa ajili ya tiba, mlango wa fidia uko wazi, kama ulivyofunguliwa kwa sahaba Kaab bin Ujra (R.A.) alipoudhika kichwani. Na mwenye mabaka kichwani anayeogopa wembe anaweza kupunguza nywele badala ya kunyoa.

Moyo wa hukumu hizi zote unaonekana katika tukio moja. Hariri ni haramu kwa wanaume, na kila mtoto wa madrasa anajua hivyo. Lakini imepokewa katika Bukhari na Muslim kuwa Mtume (S.A.W.) aliwaruhusu Abdurrahman bin Auf na Zubeir bin Awwam (R.A.) kuvaa kanzu za hariri kwa sababu ya muwasho uliowapata. Hakuwaambia wavumilie, wala hakuwauliza wamekosa nini. Aliwaona wanawashwa, akawafanyia wepesi.

TIBA NA TAHADHARI

Mtume wetu (S.A.W.) aliulizwa na mabedui kama wajitibu, naye akawaamrisha wajitibu. Soriasisi bado haijapatiwa dawa ya kuing'oa moja kwa moja, lakini inaweza kutulizwa, na wagonjwa wengi hupata ngozi safi kwa miezi au miaka.

Kwa mabaka machache hutumika marhamu za steroidi kwa usimamizi wa daktari, pamoja na kalsipotrioli, dawa ya jamii ya vitamini D. Dawa hii ya pili inafanya kazi palepale penye kasoro: huzipunguzia seli kasi ya kuzaliana na kuzisaidia zikomae. Na hekima ya Mola ni kuwa vitamini D yenyewe hutengenezwa ndani ya ngozi yetu kwa mwanga wa jua. Kwa mabaka mengi hutumika mwanga maalumu wa hospitalini, au vidonge vya methotreksati. Tahadhari kubwa: kwa soriasisi methotreksati humezwa mara moja kwa wiki. Mwenye kuimeza kila siku kwa kudhani kuwa kuzidisha ni kuharakisha kupona anaweza kupoteza maisha. Dawa hiyo haifai kwa mjamzito. Na asitretini, ya jamii ya vitamini A, humtaka mwanamke ajizuie kupata mimba kwa muda wote wa matibabu na kwa miaka mitatu baada ya kuiacha. Wanandoa wanapaswa kuyajua haya mapema.

Zipo pia sindano mpya zinazozuia interlukini 17 au 23, na zimewasaidia sana wagonjwa wenye hali ngumu, ingawa bei yake ni kubwa. Kabla ya sindano za aina hiyo madaktari huchunguza kama mtu ana kifua kikuu kilichojificha. Aidha, sehemu kubwa ya wagonjwa, pengine hadi theluthi, hupata maumivu na uvimbe wa viungo. Huyo asicheleweshe kumuona daktari, na akishindwa kusujudu aswali kwa kukaa, wala asitazamwe kwa jicho la kejeli.

Jihadharini na marhamu zisizo na maelezo zinazouzwa mitaani. Nyingi huwa na steroidi kali iliyofichwa: ngozi husafika kwa wiki mbili, kisha zikiachwa ugonjwa hurudi kwa ukali zaidi. Vilevile chale, chanjo za waganga na kusugua kwa mawe huongeza mabaka, kwa kuwa ugonjwa huu hupenda kuota mahali palipojeruhiwa. Hata hijama, ambayo ni Sunna inayotambulika, mwenye soriasisi asifanyiwe kwa kukatwa ngozi kabla ya kushauriana na daktari wake. Visomo vya ruqya ni rehma na utulivu, na vinakwenda pamoja na dawa bila kuchukua nafasi yake. Wataalamu wapo. Hospitali ya KCMC mjini Moshi ina kituo cha kanda kinachofundisha tiba ya magonjwa ya ngozi, na waliosomea hapo wanahudumu katika mikoa na nchi mbalimbali za Afrika.

WAJIBU WETU

Kuhusu ndoa, mafaqihi walipotaja kasoro zinazompa mwanandoa hiari ya kuvunja mkataba, walitaja ukoma na barasi kwa majina. Soriasisi si huu wala ile, na wanavyuoni wa zama hizi wamekhitalifiana katika kukisia maradhi mengine juu ya hayo. Njia ya salama ni ukweli. Mchumba mwenye ugonjwa huu aueleze kabla ya nikaha, na wazazi wa upande wa pili wamuulize daktari badala ya kuwauliza majirani. Binti wa watu asiachwe kwa uvumi.

Walimu wa madrasa wasimkalishe mtoto mwenye mabaka kwenye mkeka wa peke yake. Waajiri wasimuondoe mpishi au muuzaji kwa sababu ya viwiko vyake. Maimamu, kwa upande wao, wautumie mimbari kuwafahamisha watu, kwani neno moja la khatibu linaweza kumrudisha mtu msikitini baada ya miaka.

Nawe uliye mgonjwa, Ijumaa ni haki yako na ni wajibu wako. Magamba yako ni tohara, udhu wako ni sahihi, na mahali pako katika safu hakuna aliyepewa ruhusa ya kukunyima. Usiswali karibu na viatu.

Anas (R.A.) amesimulia, katika Sahihi Bukhari, kuwa masahaba walikuwa kila mmoja akilikutanisha bega lake na bega la mwenziwe, na mguu wake na mguu wa mwenziwe. Hakusema kuwa walichaguana kwa ngozi. Basi leo, imamu atakapoamrisha safu zizibwe, atakayemuona ndugu yake amejitenga amvute kwa upole asimame naye bega kwa bega, na baada ya salamu ampe mkono.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (S.W.) awaponye wagonjwa wetu, awape subira na ujira mwema wale ambao maradhi yao yamerefuka, na azitakase nyoyo zetu na kiburi cha afya. Amin.

Wabillahi tawfiq.